MABASI YA MBEYA–IRINGA: BARABARA YA SHABA ILIYOCHUKULIWA NA ABIRIA

Najua kimya kimekuwa kirefu, si mnajua tena mambo ya TP na mitihani. Leo naleta historia kidogo, maana ndilo somo langu la kufundishia hapa Mkwawa, na pia mnajua mimi na mabasi tena... Wenzangu Jumamosi wanajadili Simba na Yanga, mimi niko stendi nasikiliza mlio wa injini.

Hoja yangu ni hii. Kwenye notisi za Historia za sekondari, TAZARA inapewa nafasi yake nzuri, na ni haki yake. Barabara ya kwenda Zambia inapewa sentensi moja. Basi halipewi kitu kabisa! Wakati ukimuuliza mtu yeyote wa Iringa au Mbeya alifikaje Dar kwa mara ya kwanza, wengi watakujibu: kwa basi. Mimi nasema barabara ile ilijengwa kwa ajili ya shaba na mafuta, abiria wakaichukua wakaifanya yao. Hiyo nayo ni historia.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Mbeya, na siku ya kurudi chuo nikaamua makusudi nisipande basi moja. Ni kama kilomita 330 hivi. Nikazigawa kwa magari matatu: kuukuu, la kati na jipya.

La kwanza lilikuwa lile basi la kizamani, bodi imeundwa juu ya chesi ya lori, injini iko mbele pembeni ya dereva inakuunguza miguu, siti tatu kwa mbili, keria juu na ngazi nyuma. Utingo anapanda juu na magunia huku gari linatembea. Mabasi haya barabara kuu yameshayakataa, yamebaki kwenye njia za vijijini na vipande vifupi vifupi. Nikakaa na mzee mmoja anashuka Chimala. Nikamsalimia "Ugonile", akacheka maana kaona lafudhi yangu si ya huko, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hili unaliona bovu? Sisi tulikuwa tunagombania kupanda kwenye lori."

Na kweli. Mbeya ilianzishwa mwaka 1927, ikakua na dhahabu ya Lupa kule Chunya. Iringa ya Wajerumani ni ya zamani zaidi, ya miaka ya 1890 baada ya Kalenga kuanguka. Lakini miji yote miwili haikuwa na reli. Reli ya jirani ilikuwa ya kati, pale Dodoma na Itigi. Kwa hiyo shirika la reli likawa linaendesha magari yake ya barabarani, kutoka Dodoma kuja Iringa hadi Mbeya. Fikirini: mtu wa Mbeya akitaka kwenda Dar, anaweza kupanda kaskazini kwanza mpaka Dodoma, ndipo akamate treni ya kwenda pwani. Masika yakikolea, barabara ni tope na safari ni majaliwa.

Novemba 11, 1965 ndipo mambo yalipobadilika. Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia ya Kusini, na Zambia, ambayo mizigo yake ilipitia huko, ikabanwa. Njia ikabaki ya huku kwetu. Malori yakaanza kumiminika kwenye vumbi: mapipa ya mafuta kwenda, shaba kurudi. Madereva waliiita njia hiyo ya jehanamu, na jina lilistahili, kwa jinsi yalivyokuwa yakipinduka. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likafika Ndola kutoka Dar. Barabara nayo ikawekwa lami, ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa fedha za Marekani, Sweden na Benki ya Dunia. Wachina nao walikuwa wanajenga reli, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Enzi za vita baridi, lami ya Magharibi na reli ya Mashariki, zote zinakwenda sehemu moja!

Sasa angalieni ramani. Reli inapita Makambako, inafika Mbeya. Iringa mjini haigusi. Ndiyo maana nasema basi kwa Iringa si jambo dogo. Bila lami na basi, mji huu ungebaki kisiwa juu ya kilima.

Chimala mzee akashuka, nami nikashuka nikadaka kosta. Kosta ni gari la watu wenye haraka lakini wasio na fedha ya ziada. Imejaa mpaka mlangoni, konda kachuchumaa, mama mmoja kanipakatisha ndoo ya mchele wa Usangu bila hata kuniuliza. Tukapita Igawa kwenye joto, tukapandisha hadi Makambako kwenye baridi na upepo wake ule unaojulikana.

Kosta nazo zina historia. Lami ilipokamilika, usafiri wa abiria ulikuwa mikononi mwa umma. Kulikuwa na KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa, na mashirika ya mikoa yaliyoitwa RETCO. Wazazi wetu waliosoma bweni enzi hizo walisafiri kwa waranti ya serikali: mtoto wa Rungwe anapangiwa shule Tanga, anapewa karatasi, anakwenda. Ule umoja tunaoufundisha darasani ulijengwa pia kwenye siti za mabasi hayo, mtoto anakula mkate na watu ambao lugha yao hajawahi kuisikia.

Halafu mafuta yakapanda bei mwaka 1973 na tena 1979, vita ya Kagera ikaja, fedha za kigeni zikakauka. Basi likiharibika spea hakuna, linapaki. Mashirika yakafa taratibu. KAMATA imebaki jina la mahali pale Dar, na wengi wanaopita hapo hawajui kwamba ilikuwa kampuni ya mabasi. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na ndipo magari ya watu binafsi yalipoanza kuingia kwa wingi. Mjini daladala, mikoani mabasi ya matajiri wa hapa na pale.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Scandinavia ikawa ndiyo habari ya mjini: soda, biskuti, video, na stendi yake yenyewe Dar. Ilifika hadi Lusaka. Leo haipo tena.

Makambako nikapanda la tatu, basi jipya la Kichina, siti mbili kwa mbili, kiyoyozi, sehemu ya kuchajia simu. Kimya kabisa, injini iko nyuma huko. Waliotujengea reli miaka ya 1970 sasa ndio wanaotengeneza mabasi yetu, Yutong, Higer, Zhongtong...

Lakini tulipokaribia Mafinga sikufurahia tena kiyoyozi. Pale Changarawe, Machi 11, 2015, kontena la lori liliangukia basi lililotoka Mbeya kwenda Dar, wakafa watu zaidi ya 40. Hapo ndipo hoja yangu inapouma. Barabara iliyopangwa kwa ajili ya mizigo bado ni ya mizigo. Abiria tuliichukua, lakini tunapishana na malori ya Zambia na Kongo kwenye lami ileile nyembamba.

Na kuna hili la usiku. Miaka ya 1990 serikali ilipiga marufuku mabasi kusafiri usiku, kwa ajali na kwa majambazi. Nia ilikuwa njema, ila ikazaa jambo lingine: mabasi yote yanaondoka saa 12 asubuhi kwa pamoja, kisha mbio za kuwahi kabla ya usiku. Marufuku iliondolewa mwaka 2023. Ving'amuzi vya mwendo vipo na LATRA inafuatilia, lakini dereva aliyechoka saa 9 usiku hakuna king'amuzi kitakachomfumbua macho.

Iringa nikashuka jua linazama, nikapandisha zangu chuo.

Wadau, yale mabasi ya keria yanakatwakatwa kuwa vyuma chakavu, sijui hata moja lililotunzwa makumbusho. Waliyoyapanda nao wanaondoka. Sisi tutakaokwenda kufundisha Historia, tuwape wanafunzi kazi hii: nenda kamuulize babu au bibi safari yake ya kwanza kwenda mbali, alipanda nini, alilipa nini, alikaa na nani. Mimi nitaanza na darasa langu la kwanza nikipangiwa kituo.

Naomba kuwasilisha. Tupo pamoja.