Kutoka Kipande hadi Ruzuku: Msamiati wa Kazi za Umma Singida

Uhusiano kati ya serikali na mkulima mwenye kipato kidogo unaweza kuchunguzwa kwa njia ya msamiati, na Singida ni mfano unaofaa. Kata za pembezoni mwa Manispaa, kama vile Mwankoko na Unyambwa, zina wakulima wa mtama, uwele na alizeti wanaotegemea msimu mmoja wa mvua. Mvua ikikatika mapema, ghala hubaki tupu, na mkulima hulazimika kuuza nguvu zake. Suala la msingi ni hili: anayeuza nguvu hizo amekuwa akiitwa nani?

Wakati wa ukoloni yalitawala maneno mawili. La kwanza ni kipande, yaani kadi ya kazi yenye nafasi 30, ambayo ilibidi ijazwe siku kwa siku kabla kibarua hajastahili malipo yake. La pili ni manamba, lililotokana na namba walizopewa vibarua wa mkataba. Jimbo la Kati, ambamo Singida ilikuwamo, lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyopeleka watu katika mashamba ya mkonge; mwaka 1944 wenye mashamba hayo waliunda SILABU, ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha vibarua. Aidha, aliyeshindwa kulipa kodi aliweza kutakiwa kuilipa kwa kazi za umma. Katika msamiati huo mtu alitambuliwa kwa kadi na kwa hesabu.

Uhuru wa mwaka 1961 ulikuja na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi, na kitenzi kujitolea kikashika nafasi ya mbele. Kimofolojia, kiambishi -ji- hudokeza kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja: mwananchi anaitoa nafsi yake. Kwa moyo huo shule, visima na barabara nyingi zilijengwa vijijini. Hata hivyo, pale kujitolea kulipoagizwa kutoka juu, kiambishi kilibaki lakini hiari ilipungua. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, iliyofuatiwa na misako ya wasio na ajira mijini, ilidhihirisha kwamba wajibu ulikuwa umeishinda hiari.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Mwaka 2012 ilizinduliwa awamu yake ya tatu, yenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Kaya hupendekezwa katika mikutano ya wananchi wenyewe. Pamoja na ruzuku, mpango uliweka ajira za muda: mwanakaya mwenye uwezo hufanya kazi hadi siku 60 kwa mwaka, katika miezi isiyo ya kilimo, kama vile kuchimba malambo, kupanda miti na kutengeneza barabara. Malipo yalianza na shilingi 2,300 kwa siku. Tofauti na enzi ya mkonge ni kubwa: kazi hufanyika karibu na nyumbani, na matunda yake hubaki kwa jamii.

Lakini mchimbaji wa lambo huitwaje? Huitwa mlengwa, nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi cha kutendwa, kulengwa. Anatajwa kwa kile anachotendewa, si kwa kile anachokitenda. Kitenzi kunusuru nacho humweka katika nafasi ya mtu anayezama. Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Ruzuku hutegemea uamuzi wa mtoaji. Ujira ni haki ya aliyekwisha kufanya kazi. Ruzuku ikichelewa, mpokeaji huvumilia. Ujira ukichelewa, mfanyakazi hudai.

Kwa hiyo wanaosanifu istilahi za sera hawana budi kuzingatia kwamba uteuzi wa neno ni uteuzi wa haki pia. Kiswahili hakikosi neno linalomfaa mkulima aliyeshinda juani akichimba lambo: ni mfanyakazi, na anachostahili mwisho wa siku ni ujira wake.