Kifaransa Kilichonirudisha Mombasa

Nilianza Kifaransa kwa sababu ya pesa, sitadanganya. Nilikuwa nimemaliza chuo, natuma barua za kazi kila wiki, na kila tangazo la maana kutoka Gigiri lilikuwa na kamstari kalekale: anayejua Kifaransa atapewa kipaumbele. Nikajiunga na darasa la jioni mjini. Jumanne na Alhamisi, watu wazima kumi na wawili, midomo imechongoka kama tunaopuliza chai moto, tukiitafuta ile "u" ya Wafaransa.

Kazi ya Gigiri sijaipata mpaka leo.

Muhula wa tatu mwalimu alitutuma kila mmoja atafute maandishi ya zamani ya Kifaransa yanayohusu kwao. Jamaa wa Bujumbura na dada wa Lubumbashi walicheka tu, kwao hiyo ni kazi ya dakika tano. Mimi nilikwama. Nimezaliwa Nairobi, nyanya yangu yuko Mji wa Kale, Mombasa. Sisi tulitawaliwa na Mwingereza, bwana. Mfaransa alitaka nini kwetu?

Kumbe alitaka watu. Mnamo Septemba 1776, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa. Kwa mkataba huo Kilwa ingempa Morice watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20 kila kichwa, na piastre 2 zaidi kwa kila kichwa ziwe zawadi ya sultani. Muda wa mkataba: miaka 100. Watu hao walikuwa wanapelekwa kwenye mashamba ya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, kisiwa cha Mauritius, ambacho siku hizo kiliitwa Île de France, na kisiwa jirani kilichoitwa Bourbon, ambacho leo ni Réunion.

Nilisoma nikiwa na kamusi mapajani, na mara ya kwanza nilichanganyikiwa kabisa. Mkataba kwa Kifaransa ni traité. Biashara ya watumwa ni traite. Tofauti ya macho ni kialama kimoja juu ya herufi ya mwisho. Nilikuwa nimevisoma vyote viwili kama kitu kimoja, na enyewe kwa Kilwa ya 1776 sikuwa nimekosea sana. Shuleni tulifundishwa biashara ya utumwa ya pwani kana kwamba iliishia Zanzibar na Uarabuni. Sehemu ya Mfaransa, kama ilitajwa, mimi nililala.

Jina Bourbon likanikaa kichwani, kwa sababu nilikuwa nimeshaliona kwenye pakiti ya kahawa. Kahawa ya aina ya Bourbon ilichukua jina la kisiwa hichohicho, ambako watumwa waliotoka pwani yetu waliilima. Baadaye, mnamo 1860, mapadre Wafaransa walitoka Réunion wakaja Zanzibar, na 1868 wakafungua misheni Bagamoyo. Wenzao wa shirika moja walifika Nairobi 1899 na kuanzisha misheni ya St. Austin's, kule tunakopaita Lavington sasa, wakapanda kahawa. Wakulima wa Kenya waliirithi aina ile na mpaka leo wengine huiita French Mission. Nilipita hapo na matatu miaka mingi nikidhani Mfaransa wa Nairobi ni yule wa kuuza mikate ya siagi.

Lakini kilichonishika hasa ni kamusi.

Padre Charles Sacleux alifika Zanzibar 1879, akaishi huku karibu miaka 20. Alikusanya mimea, na alikusanya maneno. Aliporudi Ufaransa hakuacha. Mnamo 1909 alitoa kitabu cha sarufi ya lahaja za Kiswahili, na 1939, akiwa mzee wa miaka themanini na kitu, kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ikaanza kuchapishwa Paris. Ina zaidi ya kurasa 1,000, na neno lisilo la Unguja huwekewa alama ya kwao: hili la Amu, hili la Mvita, hili la Ngazija.

Sasa weka hiyo kando ya yaliyokuwa yakiendelea huku. Mwaka 1928 mkutano wa Waingereza ulikaa Mombasa, Mombasa yenyewe, ukaamua kwamba Kiswahili cha shule na vitabu kitakuwa Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia hilo. Na 1939, mwaka uleule wa Sacleux, ikatoka kamusi sanifu ya Johnson, ya Kiswahili na Kiingereza. Simlaumu Johnson, alifanya alichotumwa, na kabla yake Krapf alishaweka Kimvita kingi katika kamusi yake ya 1882. Lakini shule zetu zilimfuata Johnson.

Nikiwa darasa la tano niliandika "mtele" kwenye insha. Ndivyo nyanya asemavyo, mtele, ndia, kitwa, mato. Mwalimu alilizungushia kalamu nyekundu, akalisoma kwa sauti, darasa likacheka. Likizo iliyofuata nyanya alinituma dukani, nami nikamsahihisha mbele ya wageni: "Ni mchele, nyanya." Hakunijibu kitu. Tangu siku hiyo akizungumza nami alikuwa anateua maneno, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki.

Nilimpigia simu usiku nilioifungua hiyo kamusi, nakala yake iko mtandaoni. Nikamwambia, "Nyanya, nimeona ndia kwenye kitabu."

"Ndia gani?"

"Neno. Neno lako. Limeandikwa, na pembeni limewekewa alama."

Nikamsomea maelezo, Kifaransa kwanza ili asikie, kisha nikamfasiria. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Huyo mzungu kasomeshwa na nani?" akauliza.

"Na watu wa huko pwani, nyanya. Alikaa nao miaka."

"Basi walimsomesha vyema." Nikamsikia akivuta kiti, akimwambia mtu apunguze sauti ya redio. "Tazama na kitwa."

Kitwa kilikuwapo. Mato pia. Tulifika saa tano usiku, yeye akitaja, mimi nikipekua, na pale Kifaransa changu kilipogota alinicheka waziwazi.

"Na mtele?" akauliza mwisho, polepole.

Nikautafuta.