Vimondo vya Awali: Mbale na Ivuna

Vimondo vya awali ni mawe ya angani ambayo, tangu yalipoumbika miaka bilioni 4.5 hivi iliyopita, hayajawahi kuyeyuka yote kwa pamoja, na kwa hiyo mpangilio wa chembe za madini ndani yake bado hueleza asili yake. Uganda ilipata mfano wake tarehe 14 Agosti 1992, vimondo vilipoangukia Mbale na kandokando yake, na takribani kilo 150 zikaokotwa.

Mawe ya aina ya Mbale yakikatwa vipande vyembamba vinavyopenya mwanga, hadubini huonyesha kondruli, yaani vipunje vya mviringo, vingi visivyozidi milimita moja, vilivyokuwa matone ya mwamba ulioyeyuka katika wingu la gesi na vumbi lililolizunguka Jua changa. Katika Mbale kingo za vipunje hivyo zimefifia, kwa kuwa joto la ndani ya gimba mama, lile gimba dogo la angani ambalo mawe hayo yalimeguka kwalo, lilizikuza upya fuwele zake bila kuziyeyusha.

Kimondo cha Ivuna, kilichoanguka karibu na Ziwa Rukwa, Tanganyika, tarehe 16 Desemba 1938, kina uzito wa gramu 700 hivi tu, lakini thamani yake kwa sayansi ni kubwa mno hata kundi zima la vimondo adimu likapewa jina lake. Ukiacha gesi nyepesi, uwiano wa elementi zake unakaribia sana ule wa Jua, na hakuna aina ya vimondo inayolishinda kundi hili kwa uasilia huo. Ilhali kondruli karibu hazimo kabisa, na mahali pake pamejaa madini laini ya mfinyanzi, kaboneti, na magnetiti iliyojikusanya katika vishada vya duara. Sura hiyo ni kazi ya maji, yaliyotokana na barafu iliyoyeyuka ndani ya gimba mama, yakabadili madini pasipo kuondoa elementi.

Sampuli za sayari ndogo Ryugu, zilizoletwa na chombo cha Japani Hayabusa2 mwaka 2020, zina sura hiyohiyo, ila hazina salfeti zinazoonekana katika Ivuna. Maana yake ni kwamba salfeti hizo ziliumbika hapa duniani, kwa unyevu wa hewa. Kwa hiyo yeyote atakayeokota kimondo kipya, awe Arua, Koboko au kwingineko, asikioshe, bali akihifadhi pakavu na kukifikisha haraka kwa wanajiolojia.