Mwili Uliolala Huamshwa Pole Pole: Historia ya Kurudi Kwenye Mazoezi



Ndugu wasomaji, katika majumba yetu mengi neno "pumzika" limekuwa ni heshima. Baba akishafika miaka 50 na watoto wakaanza kujitegemea, huambiwa akae, asijisumbue. Mama akitoka hospitali, hata ndoo tupu haruhusiwi kuigusa. Kijana anayejiandaa na mitihani hukaa kwenye kiti tangu asubuhi mpaka usiku, na sisi walimu wa madrasa hukaa juu ya mkeka vivyo hivyo. Yote haya hufanywa kwa nia njema. Kisha mwaka hupita, au miaka mitano, na yule aliyepumzishwa anaanza kuhema akipanda ngazi chache tu. Kitambi kimetoka, magoti yanalia, na kuinuka kutoka kwenye sijda kumekuwa kazi. Hapo wote husema: "Ndio umri huo."

Je, ni kweli kwamba ni umri? Na je, mwili uliokwisha kulegea kwa kukaa unaweza kurudi? Maswali haya mawili yana historia ndefu, na majibu yake yana faida kwa kila familia. Tuyafuatilie kwa utaratibu.

Aliyoyasema Ibn Sina

Tuanze na tabibu wetu mashuhuri, Abu Ali Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara na kufariki mwaka 1037 huko Hamadan. Kitabu chake cha Al-Qanun fi al-Tibb, alichokikamilisha karibu na mwaka 1025, kilitafsiriwa kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12, na kikasomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne kadhaa.

Katika sehemu ya kwanza ya kitabu hicho Ibn Sina ameeleza kwa urefu juu ya riyadha, yaani mazoezi ya mwili. Kwake yeye mazoezi ni harakati anayoifanya mtu kwa hiari yake, inayomfanya avute pumzi kubwa zenye kufuatana. Aliona kwamba mwenye kufanya mazoezi kwa kiasi na kwa wakati wake huepukana na haja ya matibabu mengi. Alitaja mieleka, mbio, kutembea kwa haraka, kutupa mishale na kupanda farasi. Lakini hakumtupa aliye dhaifu. Kwa anayetoka kwenye maradhi alitaja harakati nyepesi kabisa, kama vile kubembezwa kwenye bembea au kupanda mashua.

Akaeleza pia wakati wa kuacha. Maadamu rangi ya ngozi inazidi kuchangamka na viungo vinakwenda kwa wepesi, mtu aendelee. Uchovu ukianza kuingia, asimame. Na kabla ya mazoezi na baada yake akashauri mwili ukandwe. Kwa ufupi, takriban miaka 1,000 iliyopita tabibu huyu alikuwa anapima mazoezi kama anavyopima dawa: kila mtu kwa kiasi chake.

Kitanda kilipofanywa dawa

Pamoja na elimu hiyo kuwapo, tiba ya baadaye ilikuja kukitegemea mno kitanda. Mpaka katikati ya karne ya 20, mtu aliyepata mshtuko wa moyo huko Ulaya na Marekani alilazwa wiki 4 hadi 6. Wengine hawakuruhusiwa hata kugeuka wala kula kwa mkono wao. Ilidhaniwa kwamba moyo uliojeruhiwa hauponi ila kwa utulivu kamili. Matokeo yake, damu iliganda miguuni, ikapanda mpaka mapafuni, na baadhi ya wagonjwa wakafa kwa sababu ya kule kulala kwenyewe.

Mwaka 1952 madaktari wawili wa mjini Boston, Marekani, Samuel Levine na Bernard Lown, walitangaza matokeo ya njia nyingine. Waliwatoa wagonjwa kitandani ndani ya wiki ya kwanza na kuwakalisha kwenye kiti chenye mikono, kila siku muda ukiongezeka. Kukalishwa kwenye kiti tu! Kwa wakati ule jambo hilo lilionekana ni hatari, lakini wagonjwa wao waliendelea vizuri.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 1955, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipata mshtuko wa moyo akiwa Denver. Daktari wa moyo aliyeitwa, Paul Dudley White, alikuwa mtu wa kutembea kwa miguu na kupanda baiskeli, na alimhimiza rais arudi kwenye harakati na kazi kwa hatua. Mwaka 1956 Eisenhower aligombea tena na kushinda. Watu wengi waliokuwa wakidhani kwamba mwenye ugonjwa wa moyo ni wa kukaa kibarazani waliona kwa macho yao kuwa sivyo.

Dereva na konda

Hao walikuwa wagonjwa. Vipi kuhusu mtu mzima wa afya ambaye kazi yake ni kukaa? Swali hili alilishika Jerry Morris, daktari wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1910. Kuanzia mwaka 1949 aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, wanaume wapatao 31,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Ndani ya basi moja kulikuwa na watu wawili: dereva, ambaye hukaa karibu muda wake wote wa kazi, na konda, ambaye hupanda na kushuka mamia ya ngazi kila siku akikata tiketi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1953. Makonda walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioupata uliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi na kwa wepesi zaidi. Kwa watumishi wa posta ikawa hivyo hivyo: wapeleka barua waliotembea na kupanda baiskeli walisalimika zaidi kuliko makarani na wapokea simu waliokaa.

Morris hakukimbilia hukumu. Mwaka 1956 alichapisha uchunguzi wa sare za wafanyakazi hao, na ikaonekana kwamba suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana zaidi tangu wakiwa vijana. Basi huenda watu hawa walitofautiana tangu mwanzo. Kwa hiyo baadaye akawafuatilia watumishi wa serikali ambao wote kazi zao zilikuwa za kukaa mezani. Hapo pia, waliokuwa wakifanya mazoezi ya nguvu nje ya saa za kazi walipata mshtuko wa moyo kwa uchache. Morris mwenyewe aliishi mpaka mwaka 2009, akiwa na miaka 99.

Ndugu msomaji, zingatia kwamba yule konda hakuvaa nguo za michezo wala hakulipia ukumbi. Alikuwa kazini tu, anapanda ngazi.

Vijana watano wa Dallas

Sasa tuje kwenye swali letu la pili: aliyekwisha kulegea, anarudi? Mwaka 1966, katika mji wa Dallas, Marekani, vijana watano wenye miaka 20 walikubali kulala kitandani kwa wiki tatu bila kusimama. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia hewa wakati wa kazi nzito ulikuwa umeporomoka kwa zaidi ya robo. Kisha wakafundishwa mazoezi kwa wiki takriban nane. Wakarudi walipokuwa, na wakapita.

Ajabu zaidi ilikuja mwaka 1996. Watu wale wale watano waliitwa tena, sasa wana miaka 50. Uzito wao wa wastani ulikuwa umepanda kutoka kilo 77 hadi 100, na mafuta ya mwili yalikuwa yameongezeka maradufu. Walipopimwa ikaonekana kwamba miaka 30 ya maisha ilikuwa imewapunguzia uwezo kwa kiasi cha asilimia 11 tu. Yaani wiki tatu za kulala ujanani ziliwaangusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka!

Wakapewa miezi sita ya kutembea, kukimbia taratibu na kuendesha baiskeli ya kusimama, wakianza kidogo kidogo mpaka wakafika saa nne na nusu hivi kwa wiki. Mwisho wa miezi hiyo uwezo wote waliopoteza kwa umri ulikuwa umerudi, sawa na walivyokuwa na miaka 20 kabla ya kulazwa. Uzito ulipungua kidogo tu. Hili ni muhimu kwa wale wanaokata tamaa kwa sababu mizani haishuki: kabla kitambi hakijaondoka, moyo na misuli huwa vimeshaanza kupona.

Wazee wa miaka 90

Pengine utasema, miaka 50 bado ni ujana. Basi tusome habari ya mwaka 1990, tena mjini Boston. Daktari Maria Fiatarone na wenzake walichukua wazee 10 dhaifu kutoka nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa umri wao ukiwa miaka 90. Wakawapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Wiki ya kwanza walianza na nusu ya uzito walioweza kuinua, kisha wakaongezewa.

Tisa walimaliza. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani karibu mara tatu ya walivyoanza. Wawili waliacha kutembelea bakora. Lakini walipoacha mazoezi kwa wiki nne tu, karibu theluthi moja ya nguvu ilipotea. Mwili, ndugu zangu, hauwekewi akiba. Huendelea kukupa kadiri unavyoendelea kuutumikisha.

Sasa fikiria yule bibi tunayemkataza asiinuke kufuata kikombe chake cha chai. Tunadhani tunamhurumia, kumbe tunampokonya miguu.

Haraka haraka haina baraka

Hata hivyo historia inatupa onyo vile vile. Kuna mzee wetu ambaye mwaka mzima hajakimbia, kisha siku ya Idi anavaa raba na kuingia uwanjani kucheza mpira, wazee dhidi ya vijana. Mwaka 1993 ulichapishwa uchunguzi wa watu zaidi ya 1,200 waliopata mshtuko wa moyo nchini Marekani. Kwa wale ambao kwa desturi hawakufanya mazoezi hata mara moja kwa wiki, saa moja baada ya kazi nzito ya ghafla hatari ya mshtuko ilipanda zaidi ya mara 100 kuliko wakati wao wa kawaida. Kwa waliozoea mazoezi mara tano au zaidi kwa wiki, ilipanda mara mbili na kidogo tu. Saa hiyo moja ni fupi, na wengi huipita salama, lakini mafunzo yake yako wazi: kinachomlinda mtu ni mazoea, na kinachomdhuru ni pupa.

Tufanye nini majumbani?

Kutokana na historia hii, tunaweza kuchukua mambo yafuatayo:

1. Tuanze na kutembea. Dakika 10 za mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mara moja kwa siku. Baada ya wiki moja au mbili, ziongezwe dakika tano. Anayekwenda msikitini kwa pikipiki na anaweza kutembea, atembee walau njia moja.

2. Tuirudishe misuli. Kuinuka kwenye kiti na kukaa mara nane hadi kumi bila kujishika, au kusukuma ukuta kwa mikono. Mama anaweza kuyafanya haya ndani kwake, kwa stara yake, bila gharama yoyote.

3. Tuyatumie mafunzo ya konda. Ngazi, ndoo, ufagio na jembe vyote ni mazoezi. Mwanafunzi asimame na kutembea kidogo kila baada ya muda wa kusoma.

4. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha au sukari, au anayesikia maumivu ya kifua na kizunguzungu, amwone daktari kwanza. Na yeyote anayebanwa na kifua katikati ya mazoezi asimame mara moja na atafute msaada.

5. Tukikatisha kwa safari, ugonjwa au Ramadhani, tusirudi pale tulipoachia. Turudi nyuma kidogo, kisha tupande tena.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafikishe dakika 150 hadi 300 za harakati za wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili. Mwongozo wa mwaka 2010 ulitaka kila kipande kisipungue dakika 10. Ule wa 2020 uliliondoa sharti hilo, kwa hiyo hata dakika tatu zinahesabika. Kwa jirani zetu wa Kigali, mwaka 2016 zilianzishwa asubuhi za Jumapili ambapo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari, watu watembee na kukimbia pamoja, wazee kwa watoto. Nasi si lazima tungoje barabara ifungwe. Jamaa moja inaweza kuanza na uchochoro wake baada ya Alasiri.

Ndugu wasomaji, mwili ni amana, na kumpenda mzee si kumkalisha. Mshike mkono babu yako mtoke nje, mwende mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Kesho, in shaa Allaah, mtafika mbele kidogo.

Wabillaahi tawfiiq.