Kahawa, Chai na Maziwa: Chama Kinamjibu Nani?

Ukiuliza kwa nini shirika moja katika nchi inayoinukia hustawi na jingine hudhoofu, majibu hayakawii: mtaji mdogo, elimu haba, barabara mbovu, soko lisilotabirika, sera zinazobadilika kila bajeti. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, hayatoshi kueleza kwa nini wakulima wadogo waliopitia madhila ya ukoloni yaliyofanana waliunda vyama vya kuuza mazao yao, kisha vyama hivyo vikaishia pahala tofauti kabisa. Hapa nalinganisha mapokeo matatu: ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, mfumo wa chai wa wakulima wadogo wa Kenya, na ushirika wa maziwa wa Gujarat nchini India. Ninaloshikilia ni hili: uhai wa chama hutegemea zaidi umbali uliopo kati ya mwanachama na hesabu za mali yake. Analipwa lini? Anaonyeshwa nini? Na akitilia shaka, nani analazimika kumjibu?

Chimbuko la vyama hivi linafanana kwa mengi. Mwaka 1925 Wachaga waliunda chama chao cha wapanda kahawa, Kilimanjaro Native Planters Association, na Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Walowezi hawakupenda Mwafrika alime kahawa. Walihofia ushindani, na walihofia kukosa vibarua. Mwaka 1933, baada ya kutungwa sheria ya ushirika, nafasi ya chama hicho ikachukuliwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi vya mlimani. Kule Gujarat, wafugaji wa wilaya ya Kaira walibanwa na kampuni ya Polson, iliyokuwa imepewa peke yake nafasi ya kupeleka maziwa Bombay. Walipompelekea Vallabhbhai Patel, mmoja wa viongozi wa harakati za uhuru, kilio chao, aliwashauri waanzishe ushirika, na ikibidi wagome. Wakagoma kwa siku 15, na kabla ya mwaka 1946 kwisha walikuwa wamesajili ushirika wao mjini Anand. Huo ndio unaojulikana leo kwa jina la Amul.

Kenya mambo yalianza kwa namna nyingine. Chai ilikuwa mali ya makampuni na walowezi, na mkulima mdogo Mwafrika alifunguliwa mlango katika miaka ya 1950, hasa baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954. Chombo cha kumsimamia kiliundwa na serikali, na mwaka 1964 kikawa KTDA. Kwa hiyo Kilimanjaro na Kaira wakulima walijianzia wenyewe, ilhali Kenya walianzishiwa. Anayeamini kwamba chama kilichozaliwa na wanachama hakina budi kukipita kilichozaliwa na serikali atapata taabu kueleza yaliyofuata.

Tuanze na zao lenyewe, kwa sababu wachambuzi wengi hulipita haraka. Maziwa yakikaa saa chache kwenye joto yanaharibika. Ushirika wa Kaira ulilazimika kuyapokea mara mbili kwa siku, kuyapima, kuangalia kiwango cha mafuta na kuyasafirisha papo hapo. Ukajengeka utaratibu wa kumlipa mfugaji jioni kwa maziwa ya asubuhi, na asubuhi kwa maziwa ya jioni iliyotangulia. Mfugaji mwenye nyati mmoja alisimama foleni moja na mwenye nyati wengi, watu wa tabaka moja na jingine, na kipimo kikasomwa mbele ya wote. Katibu aliyepunja watu hakuwa na msimu mzima wa kuficha alilofanya. Kesho yake asubuhi alitazamana nao tena.

Majani ya chai nayo hayasubiri. Yanachumwa majani mawili na chipukizi, yanapimwa kwenye kituo cha kununulia, na yanatakiwa kufika kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo ubora unashuka. Mkulima wa KTDA hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo mwezi unapokwisha, kisha mara moja kwa mwaka hulipwa bonasi kulingana na mauzo ya kiwanda chake. Njia yake ni ndefu kuliko ya mfugaji wa Kaira, ila walau kila mwezi kuna karatasi ya kusoma.

Kahawa ina tabia nyingine. Mkulima huchuma buni zilizoiva kihambani, yaani katika shamba la nyumbani, huzimenya, huzichachusha, huziosha na kuzianika. Kahawa ya maganda ikishakauka vizuri inaweza kukaa ghalani miezi kadhaa. Kutoka hapo inakwenda kukobolewa, inapangwa madaraja, inapigwa mnada Moshi, na ndipo inasafirishwa. Katika ushirika, mkulima hupewa malipo ya awali, kisha husubiri. Na katika kusubiri huko ndimo makato yanamozaliana: usafiri, ukoboaji, ushuru, riba ya mkopo wa msimu, gharama za ofisi. Kila kato lina sababu yake, na pengine halali kabisa. Lakini likimfikia mwenye mali miezi mingi baadaye, bila maelezo, halali na haramu hufanana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima asiyeliona daftari hana namna ya kujua kama bei ndiyo iliyoanguka au kuna mtu aliyemwibia.

Ndipo anapoingia mlanguzi. Mkoani Kagera biashara ya kununua kahawa ikingali mtini, kwa bei ya kutupa, inajulikana kwa jina la butura. Viongozi huwalaumu wakulima wanaouza hivyo, wakisema hawana subira. Sioni haki katika lawama hiyo. Ada ya shule ina tarehe, na mgonjwa hangoji mnada. Mkulima anayechagua fedha kidogo leo badala ya ahadi ya kesho anatoa hukumu juu ya chama chake, na hukumu hiyo imejengwa juu ya miaka ya malipo yaliyochelewa. Zao lisilo na haraka lilihitaji chama kijiwekee kwa kanuni haraka ile ambayo maziwa yaliwalazimisha wafugaji wa Kaira kuwa nayo. Kwa muda mrefu kanuni hiyo haikuwekwa.

Swali la pili ni la uongozi. Mara nyingi tunasema vyama vyetu vilianguka kwa kukosa wataalamu. Historia ya Moshi, kwenye makao ya KNCU, haiungi mkono kauli hiyo. KNCU ilikuwa na makarani na watunza hesabu wenye ujuzi, ilisimamia usafirishaji wa kahawa iliyosifika, na katika miaka ya 1950 faida yake ilisomesha watu. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa mji huo huo mwaka 1963. Ujuzi ulikuwepo. Lililolegea ni kamba iliyomfunga mwenye ujuzi kwa mwenye mali.

Dalili ilionekana mapema. Utawala wa kikoloni uliweka amri kwamba kahawa yote ya Wachaga ipitie KNCU, na mwaka 1937, bei ilipokuwa mbaya, ghasia zikazuka mlimani. Waliokasirika hawakuwa na ugomvi na wazo la kuuza pamoja; wazo hilo walilibuni wao miaka 12 kabla. Walikataa chama chao kugeuzwa amri ya serikali, huku wao hawana uwezo wa kukihoji wala kukihama.

Kaira walifunga kamba hiyo vizuri zaidi. Verghese Kurien, mhandisi aliyesomeshwa Marekani kwa ufadhili wa serikali, alifika Anand mwaka 1949 na hakukusudia kukaa. Tribhuvandas Patel, mwenyekiti wa ushirika, alimshawishi abaki. Mgawanyo wao wa kazi ulikuwa bayana: mwenyekiti alibeba sauti ya vijiji, meneja alibeba mitambo, masoko na hesabu, na wafugaji ndio waliokuwa waajiri. Mtaalamu alipewa uhuru mkubwa wa kutenda na hakupewa umiliki.

Kenya imekaa katikati. KTDA ilijenga nidhamu ya kazi iliyosifiwa, na leo inahudumia zaidi ya wakulima 600,000. Lakini tangu ibinafsishwe mwaka 2000, swali la nani mwenye nani halijatulia. Viwanda ni makampuni ya wakulima. KTDA ni wakala anayeviendesha, na wakala huyo huyo anamilikiwa na viwanda hivyo. Mkulima anayetaka kujua kwa nini bonasi yake ni ndogo kuliko ya jirani hupelekwa kutoka kituo hadi kiwanda, kutoka kiwanda hadi makao makuu. Tofauti ya bonasi kati ya viwanda vya mashariki na vya magharibi mwa Bonde la Ufa imezusha manung'uniko mengi, na Sheria ya Chai ya mwaka 2020 ilitungwa katikati ya mivutano ya namna hiyo. Ubora wa chai haukuzuia malalamiko, kwa sababu malalamiko hayakuwa ya ubora.

Swali la tatu ni mahali serikali iliposimama. Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri alikwenda Kaira mwaka 1964, akalala kijijini, akazungumza na wafugaji, akataka mfano huo uenezwe India nzima. Mwaka uliofuata ikaundwa bodi ya taifa ya kuendeleza maziwa, na makao yake yakawekwa Anand, mbali na Delhi. Serikali ilikwenda kujifunza kwa wafugaji, kisha ikatoa nguvu zake kueneza walichokianza. Kenya ilikopa kwa ajili ya chai, ikajenga barabara za kufikia vituo, na kwa kiasi kikubwa ikaiacha KTDA iendeshwe kibiashara.

Tanzania ilichagua njia nyingine, na ilikuwa na sababu. Baada ya uhuru vyama vilianzishwa kwa kasi mahali ambapo wanachama hawakuwa tayari, na kamati ya Rais ya mwaka 1966 iliona wizi, upendeleo na udhaifu wa usimamizi. Uchunguzi ulikuwa wa kweli. Dawa ndiyo iliyodhuru. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi yake ikapewa mamlaka za mazao. Mkulima aliyekuwa hamwoni vizuri mtunza hesabu wake wa Moshi sasa alikuwa na mtunza hesabu ambaye hakumchagua na hakuweza kumwondoa. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, lakini utamaduni wa kuuliza haurudishwi kwa tangazo la gazeti la serikali. Mtu aliyenyang'anywa chama mara moja hukishika mara ya pili kwa mkono mmoja.

Haki inataka niseme yanayopingana na hoja hii. Maziwa ya Gujarat yananywewa India; kahawa ya Kilimanjaro bei yake huamuliwa ng'ambo. Mfumo wa kimataifa wa mgao wa mauzo ya kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei zilianguka, na hakuna daftari safi lingezuia hilo. Lakini chai nayo huuzwa nje, kupitia mnada wa Mombasa, na mkulima wake naye hupigwa na bei asizozipanga. Soko huamua ukubwa wa hasara. Jinsi hasara hiyo inavyogawanywa, na kama mwanachama anabaki au anakimbia, huamuliwa ndani ya chama.

Pia hakuna kati ya mapokeo haya lililomtendea haki mwanamke. Kaira wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya kulisha na kukamua, huku uanachama ukiandikwa kwa majina ya waume. Kenya mikono ya wanawake huchuma chai ambayo malipo yake mara nyingi huingia katika akaunti ya mume. Kilimanjaro kahawa ilihesabiwa mali ya baba mwenye kihamba. Chama kinachowaweka mbali na hesabu watu wanaofanya kazi kubwa kinajipunguzia wakaguzi wake walio bora kuliko wote.

Na wanawake hao wa Afrika Mashariki wanajua ukaguzi. Katika upatu kila mmoja anajua zamu ni ya nani, na fedha huhesabiwa mbele ya macho ya wote. Mapokeo hayo ni yetu, na yanakubaliana na ya Kaira kwa jambo lililo muhimu zaidi: hesabu hufanyika pale pale, mali inapobadilisha mikono.

Vikwazo vya kiufundi vilivyokuwa vikitajwa zamani vimepungua. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mizani ya kielektroniki ipo. Stakabadhi ghalani inatumika. Chama cha msingi cha kahawa kinaweza kumpa mkulima risiti inayotaja kilo, daraja na kila kato kabla hajaondoka ghalani. Kinaweza kumjulisha kwa simu siku kahawa yake ilipouzwa na kwa bei gani, na kumlipa ndani ya siku chache. Ripoti ya ukaguzi inaweza kusomwa kwenye mkutano mkuu kwa Kiswahili kinachoeleweka, meneja akiwa amesimama kujibu, na wanachama wakiwa na kura ya kumwondoa.

Kwa hiyo mipango ya kufufua ushirika inayoanza na mikopo, magari na majengo mapya inaanza mwisho wa kamba. Mtaji ukiingia katika chama ambacho mwanachama hawezi kukihoji, huwa deni jipya kwa jina lake. Anza na risiti, tarehe ya malipo na kura. Chama kinachoogopa mambo hayo matatu hakistahili kupewa kahawa ya mtu.