Ufungamanishaji wa konea

ufungamanishaji wa konea *nm [u-]* (tiba ya macho) utaratibu wa kuimarisha konea iliyolegea kwa kutumia matone ya riboflavini na mwanga wa urujuanimno, ili ugonjwa wa keratokonasi usiendelee: *Kijana huyo alifanyiwa ufungamanishaji wa konea katika jicho la kushoto.*

Maelezo

Konea ni utando mwangavu unaofunika mboni kwa mbele. Unene wake katikati ni takriban nusu milimita, na uimara wake hutokana na nyuzi za kolajeni zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Katika keratokonasi, ambayo mara nyingi huanza katika umri wa kubalehe, konea hukonda, hulegea na kuchomoza mbele mfano wa pia. Mgonjwa huona herufi zikiwa na vivuli, na hubadilisha miwani mara kwa mara bila nafuu ya kudumu. Kufikicha macho, hasa kwa mwenye mzio, huhusishwa na kuzidi kwa ugonjwa huu.

Utaratibu wa ufungamanishaji ulianzia Dresden, Ujerumani, katika miaka ya 1990. Wollensak, Spoerl na Seiler walichapisha matokeo ya wagonjwa wa kwanza mwaka 2003. Marekani iliuidhinisha mwaka 2016. Katika njia ya asili, jicho hutiwa ganzi, tabaka la juu kabisa la konea hukwanguliwa, riboflavini (ndiyo vitamini B2) hudondoshwa kwa dakika 30, kisha jicho humulikwa kwa dakika 30 nyingine huku matone yakiendelea. Riboflavini ina kazi mbili: ikipigwa na mwanga husababisha vifungo vipya kati ya nyuzi za kolajeni, na wakati huohuo hufyonza miale isipenye hadi kwenye lenzi na retina. Kwa sababu hiyo, katika njia hii konea hutakiwa kuwa na unene usiopungua mikromita 400. Maumivu ya siku chache baadaye ni ya kawaida.

Matumizi

*Uunganishaji mtambuka* ni tafsiri inayoeleweka, lakini *mtambuka* limekwisha kuzoeleka katika mambo ya sera na mitaala, na halimwonyeshi msomaji kinachotendeka ndani ya jicho. *Fungamana* hubeba picha ya vitu vilivyoshikana visiachane, na ndivyo nyuzi zinavyokuwa.

Isiandikwe *mboni* mahali pa *konea*: mboni ni tundu, haina nyuzi za kufungamanishwa. Wala isiandikwe *upasuaji wa leza*, kwa kuwa taa inayotumika si leza na hakuna umbo linalochongwa.

Kosa zito zaidi huwa katika kitenzi. *Tibu* hutaja kazi ya tabibu. *Ponya* hutaja matokeo yake. Ufungamanishaji hutibu keratokonasi, hauiponyi: shabaha yake ni kuusimamisha ugonjwa pale ulipofika. Baadhi ya wagonjwa huona vizuri kidogo kuliko awali, lakini wengi huendelea kuhitaji miwani au lenzi ngumu zinazovaliwa juu ya jicho. Fomu ya ridhaa inayosema kwamba utaratibu huu *hurudisha uoni* humfanya mzazi atie saini akitarajia jambo ambalo daktari hakuliahidi. Na mgonjwa aliyetarajia kuvua miwani huenda akadhani matibabu yameshindwa, ilhali yamefanikiwa. Mfasiri na atumie *kusimamisha*, *kuzuia kuendelea* au *kuimarisha*. Hata *kurekebisha* halifai, maana humwashiria msomaji kwamba konea imerudia umbo lake la kwanza.

*Sahihi:* Ufungamanishaji ulisimamisha ugonjwa, ingawa bado anavaa miwani.

*Si sahihi:* Konea yake iliponywa kwa ufungamanishaji.

Asili ya neno

*Ufungamanishaji* limenyambuliwa kutokana na *funga* > *fungamana* > *fungamanisha*. *Keratokonasi* limetoholewa, na shina lake ni la Kiyunani: neno la *pembe* likiungana na lile la *pia*.

Taz. konea, mboni, pia², ponya, tibu.