Ghuba ya Mnazi: Gesi Ilitangulia, Hifadhi Ikafuata

Gesi asilia iligunduliwa Ghuba ya Mnazi, mkoani Mtwara, mwaka 1982. Hifadhi ya bahari ya ghuba hiyo na maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, chini ya sheria ya 1994, ikakikuta kisima cha gesi tayari. Mfuatano huo unatuambia jambo ambalo hotuba hulificha: bahari hii haikupangwa, iligawanywa kwa zamu, kila idara ikija na ramani yake. Mvuvi wa kijiji cha Msimbati, kwenye ghuba hiyo, ambaye dema lake, yaani mtego wa samaki, lilizama pembeni mwa mwamba kabla ya ramani zote hizo, ndiye aliyefikiwa mwisho, tena kwa katazo.

Watasema wavuvi ndio walioharibu bahari. Baruti kweli iliteketeza matumbawe ya pwani yetu. Mlipuko mmoja huua samaki wachanga na wakubwa pamoja, na kusaga mwamba uliokua kwa miongo. Simtetei mtu wa baruti. Lakini mwenye dema si yeye, na kanuni inayowaweka kapu moja humpoteza mlinzi aliye karibu zaidi na mwamba. Wengine watataja umeme, na ni haki yao: tangu 2015 bomba linafikisha gesi ya kuzalisha umeme Dar es Salaam. Ila vurugu za Mtwara za 2013, zilizotokana na bomba hilohilo, zilionyesha gharama ya kuwaamulia wenyeji. Kitalu kingine cha gesi baharini kisitolewe, basi, kabla wavuvi hawajaonyesha kwenye ramani miamba na njia zao.